Kazi ya Mkaguzi: Kupima Yasiyoonekana kwa Macho

Siku moja nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu kazi za kiwandani: huyu huyeyusha chuma, yule hukikata, wa tatu hukisugua, wa nne huunganisha. Nilipofika kwa mkaguzi, yaani mtu apimaye vitu vilivyokwisha kutengenezwa na kusema kama vinafaa au havifai, kijana mmoja aliinua mkono. «Mwalimu,» akasema, «mtu huyu hatengenezi kitu chochote. Basi mshahara wake ni wa nini?» Darasa zima likacheka. Sikumkemea, kwa maana watu wazima wengi hufikiri vivyo hivyo. Lakini swali lake halikunitoka moyoni, na leo napenda kulijibu kwa utaratibu mbele yenu, ndugu wasomaji.

Zamani, na hata leo katika vijiji vyetu, seremala hutengeneza mlango kwa ajili ya fremu moja tu. Ukikwama, huchukua randa, akapunguza ubao, na kazi imekwisha. Mlango ule hautafaa nyumba nyingine, wala hakuna aulizaye. Kiwanda cha mashine hakiwezi kufanya hivyo. Mhimili huchongwa mahali pamoja, tundu lake hutobolewa mahali pengine, na watu wengine wasiowajua mafundi hao wawili ndio wanaoviunganisha. Vitu hivyo lazima vipatane siku ile ya kwanza vinapokutana, bila tupa wala nyundo.

Lakini hakuna fundi chini ya jua awezaye kuchonga mhimili wa milimita 25 kamili. Daima kutakuwa na ziada kidogo au upungufu kidogo. Kwa hiyo mchoro hautaji kipimo kimoja, hutaja mipaka miwili. Tuseme tundu ni la milimita 25: mara nyingi huruhusiwa kuwa kati ya 25.000 na 25.021, na mhimili uzungukao ndani yake, kati ya 24.980 na 24.993. Nafasi inayobaki ni ya mafuta. Sehemu hizo ndogo huhesabiwa kwa mikroni, na mikroni 1,000 hufanya milimita moja. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Basi fundi wa tundu hili amepewa ruhusa ya kukosea mikroni 21 tu, haifiki hata theluthi moja ya unywele!

Macho hayawezi kuamua jambo hilo. Mkaguzi hutumia kijiti cha chuma kigumu chenye ncha mbili. Ncha ya kwanza lazima iingie. Ya pili lazima ikatae. Ya kwanza isipoingia, tundu ni dogo mno. Ya pili ikiingia, tundu ni kubwa mno. Hapo hakuna ubishi wala upendeleo. Lakini msomaji mwerevu atauliza: na kijiti chenyewe hupimwa kwa kitu gani?

Swali hilo lilimsumbua mtu mmoja wa Uswidi, Carl Edvard Johansson, aliyezaliwa mwaka 1864. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha bunduki mjini Eskilstuna. Kila sehemu ya bunduki ilidai kipimio chake, na kila bunduki mpya ilidai vingine tena. Katika miaka ile ya 1890 alitumwa Ujerumani pamoja na wenzake, kwenye kiwanda cha Mauser mjini Oberndorf, akaona huko wingi uleule wa vipimio. Njiani akirudi kwao kwa gari la moshi, alianza kuwaza: je, haiwezekani kutumia vipande vichache, tukavijumlisha kama mtoto ajumlishavyo namba ubaoni?

Mwaka 1896 alikuwa amekwisha kuipanga hesabu yake: vipande 102 vya chuma. Kwa kuchagua vichache na kuviweka pamoja, huweza kupatikana vipimo kama 20,000. Ukitaka milimita 37.86, twaa kipande cha 25, cha 11.5 na cha 1.36. Jumlisheni wenyewe, enyi wanafunzi. Nyuso za vipande hivyo zimesawazishwa hata kimoja kikitelezeshwa juu ya kingine hushikamana bila gundi. Na vile vya kwanza Johansson alivisugua nyumbani kwake, kwa cherehani aliyoigeuza kuwa mashine ya kusugulia. Alipewa hataza ya Uswidi; mwaka 1923 akaenda Marekani kufanya kazi katika kampuni ya Ford. Alifariki mwaka 1943.

Johansson alimjua pia adui mwingine wa mkaguzi, nalo ni joto. Chuma hurefuka kikipata moto. Kipande cha milimita 100, kikishikwa mkononi hata kikazidi nyuzi tano, hurefuka karibu mikroni sita. Ndiyo maana tangu mwaka 1931 mataifa yamepatana kwamba vipimo vya urefu vihesabiwe kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Mkaguzi akiletewa kitu kutoka kwenye mashine, hukiacha kwanza kitulie. Mpita njia humwona ameketi, akamdhania mvivu. Kumbe anangoja chuma kipoe.

Sasa nieleze hasara inayokuja kazi hii isipofanywa inavyopasa. Tarehe 24 Aprili 1990 Marekani ilirusha angani darubini iitwayo Hubble. Kioo chake kikuu, chenye upana wa mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa mjini Danbury, katika jimbo la Connecticut, na kazi hiyo ilikwisha mwaka 1981. Wote walitazamia kuona nyota kwa usafi usiopata kuonekana. Lakini picha zilikuja na ukungu. Kioo kilikuwa kimesuguliwa kwa ustadi mkubwa, ila kwa umbo lisilo lake: ukingo wake ulikuwa bapa kupita kiasi, kwa mikroni 2.2 tu.

Kosa halikuwa la mkono uliosugua, bali la kipimio. Chombo kilichoongoza kazi kilikuwa na lenzi iliyowekwa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Fimbo ya kupimia nafasi hiyo ilivikwa kofia iliyopakwa rangi isiyorudisha mwanga. Rangi ikabanduka kidogo, na mwanga ukarudi kutoka kwenye kofia badala ya ncha ya fimbo. Lenzi haikuweza kufika pale ilipoonyeshwa kwamba ndipo, mafundi wakaongeza vipande bapa vya chuma ili ifike. Chuma kilikuwa kikiwaonya, wao wakakilazimisha. Wala hilo halikuwa onyo pekee. Vyombo vingine viwili vilionyesha kwamba kuna kosa. Vikapuuzwa, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa si sahihi kama kile cha kwanza.

Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Ukweli ulikuwa umekwisha kuandikwa karatasini. Wakubwa wa kazi hawakukosa elimu. Lakini kazi ilikuwa imechelewa, na fedha zimepita kiasi. Alikosekana mtu wa kusimama na kusema: «Vipimio hivi havipatani. Tusiendelee hata tujue sababu.» Ikawa lazima watu saba wapande angani mwezi wa Desemba 1993. Walitoka nje ya chombo chao mara tano, wakaweka vyombo vya kurekebisha mwanga, na ukungu ukaondoka. Neno moja lililokosekana kiwandani lilikwenda kutafutwa kati ya nyota.

Basi nimemrudia mwanafunzi wangu na kumjibu hivi: mkaguzi hatengenezi kitu, lakini bila yeye hakuna ajuaye kama kilichotengenezwa kinaaminika. Abiria apandaye ndege na mgonjwa achomwaye sindano hawamjui. Hata hivyo wameweka maisha yao juu ya saini yake. Kazi hii yataka hesabu, mikono safi na saburi. Yataka pia mtu asiyeona haya kusema «hapana» mbele ya rafiki aliyefanya kazi usiku kucha.

Kijana akafikiri, kisha akauliza tena: «Na mkaguzi mwenyewe, Mwalimu, hukaguliwa na nani?» Safari hii darasa halikucheka.

Nikamwambia: vipimio vyake hupelekwa kila baada ya muda kulinganishwa na vingine vilivyo bora zaidi. Lakini yeye mwenyewe, akiwa peke yake mezani jioni, mkuu wake akimhimiza atie saini, hukaguliwa na dhamiri yake. Hiyo shule yaweza kuinoa tu. Kuipanda ni kazi ya baba na mama, tangu siku ile mtoto anapotumwa sokoni na kurudisha chenji bila kupunguza hata senti moja.