Neno limelala, kwa nini mabano yabaki wima?

Umeandika ripoti na kuweka jina la kisayansi la mbu wa malaria, Anopheles gambiae, ndani ya mabano. Jina umelilaza kwa italiki, safi kabisa. Sasa hebu kuza kioo cha simu: bano la kwanza limesimama, la pili limelala pamoja na neno. Hutokea sana kwenye simu, maana ukiburuta kidole kuchagua maneno, alama ya mwisho nayo hunaswa.

Kwa wapangaji wa kurasa, hilo ni kosa. Italiki ina ujumbe: inamwambia msomaji kuwa hili ni jina la kitabu, jina la kisayansi au neno la lugha nyingine. Mabano hayana ujumbe huo. Ni mali ya sentensi, yamelizunguka neno tu.

Kwa hiyo jiulize, alama hii ni ya nani? Ukiandika "Umesoma Rosa Mistika?", alama ya kuuliza ni yako, si ya Kezilahabi. Inabaki wima. Lakini kwenye Ngoma ya Ng'wanamalundi ya Emmanuel Mbogo, ile ritifaa ya ng' ni sehemu ya jina lenyewe, hivyo inalala nalo.

Vipi kama aya nzima iko kwenye italiki? Hapo hata wakubwa wanagongana. Mwongozo wa Marekani, The Chicago Manual of Style, tangu toleo la 2003 unataka alama zifuate maandishi yanayozizunguka, yaani mabano nayo yalale. Robert Bringhurst wa Kanada, katika The Elements of Typographic Style (1992), anasema mabano yasimame hata hapo, kwani si herufi.

Mimi niko na Bringhurst. Fungua kitabu chochote cha hisabati utazame f(x): herufi zimelala, mabano yamesimama, na hakuna anayelalamika. Hata Aldus Manutius wa Venice, aliyechapa kitabu kizima kwa italiki mwaka 1501, alilaza herufi ndogo tu. Kubwa aliziacha wima.

Kuna usumbufu mmoja, tusifichane. Herufi f ikilala, kichwa chake huinamia kulia na kuligonga bano lililosimama. TeX, programu ya Donald Knuth ya kupanga kurasa, ina amri ya kuongeza nafasi kidogo hapo. Wewe wa simu, zikigongana vibaya, jaribu fonti nyingine, ila usiache bano moja wima na jingine limelala.

Na kuzuia bano lisinaswe ni rahisi. Gusa neno mara mbili, kwa kawaida litachaguliwa peke yake bila alama. Jina likiwa na maneno mawili, vuta kishikio hadi herufi ya mwisho, kiishie hapo, ndipo ubonyeze kitufe cha I.