Wanawake katika Umormoni

Wanawake katika Umormoni ni mada inayohusu nafasi ya wanawake katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1830.

Ukuhani hupewa wanaume tu, kwa hiyo askofu wa kata ni mwanamume daima. Wanawake huhubiri, hufundisha, huenda umisionari na kuongoza Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, ulioundwa tarehe 17 Machi 1842. Rais wake wa kwanza alikuwa Emma Smith.

Madai ya usawa

Wanawake wa Utah walipata haki ya kupiga kura mwaka 1870. Bunge la Marekani liliwanyang'anya mwaka 1887 lilipopambana na ndoa za wake wengi. Wakairudishiwa mwaka 1896. Sonia Johnson alitengwa na kanisa mwaka 1979 baada ya kutetea usawa wa jinsia katika katiba. Kate Kelly, aliyedai ukuhani kwa wanawake, alitengwa mwaka 2014.

Wanawake Weusi

Mwanamke Mweusi alikabili vizuizi viwili: jinsia na rangi. Jane Manning James, muumini wa miaka mingi, aliomba mara kwa mara ibada kuu za hekalu, akakataliwa hadi alipofariki mwaka 1908. Kizuizi cha rangi kiliondolewa mwaka 1978. Hekalu la Nairobi, Kenya, liliwekwa wakfu mwaka 2025, na wanawake wa Afrika Mashariki hupokea humo ibada alizonyimwa Jane. Kizuizi cha ukuhani kingalipo.