Kipimo cha Mwalimu Kisiwe Gorogoro Lililobonyea

Mwenye kuhudhuria soko la Kitui au la Wote hakosi kuliona gorogoro, mkebe wa kilo mbili ambao wachuuzi huutumia kupimia mahindi, kunde na ndengu. Mnunuzi mwerevu huupindua kwanza mkebe huo akautazama kitako. Kikiwa kimebonyezwa kwa ndani, hutambua kuwa hata ukijazwa pomoni hadi nafaka imwagike, bado atapunjwa. Hapo kosa si la kupima. Kosa ni la chombo, na la mkono uliokishika.

Nimelikumbuka gorogoro hilo kwa kuwa walimu wa Kitui na Makueni, sawa na wenzao kote nchini, nao hupimwa. Mambo haya hayakuanza shuleni. Mnamo mwaka wa 2004 mashirika ya umma nchini Kenya yalianza kutia sahihi mikataba ya utendakazi, na mwaka wa 2016 Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ikaueneza kote mfumo wa kutathmini na kuendeleza utendakazi wa walimu, ule ambao wengi huuita TPAD. Kila muhula mwalimu hujitathmini, kisha hutathminiwa na mkubwa wake. Hapo awali alipimwa katika nyanja 7: ujuzi wa somo, matumizi ya wakati, ubunifu, usalama na nidhamu ya wanafunzi, michezo na shughuli nyinginezo, kujiendeleza kitaaluma, na ushirikiano na wazazi. Baadaye nyanja hizo zikapunguzwa kuwa 5. Chama cha KNUT kiliupinga mfumo huo vikali, na mwalimu wa mashambani alilazimika mara nyingi kufunga safari hadi saiba ya mjini ili kuzijaza fomu zake kwenye intaneti.

Ningependa msomaji anivumilie nilitazame neno lenyewe, maana lugha ndiyo kazi yangu. Kitenzi 'kupima', ambacho ni ndugu wa 'kuthima' cha Kikamba, kina matumizi mawili makuu. Mchuuzi hupima ili auze, na akishapima shughuli imekwisha. Daktari naye hupima ili atibu, na kwake kupima ndio mwanzo wa kazi. Hakuna mgonjwa anayeadhibiwa kwa sababu joto lake limepanda. Jina la mfumo wa TSC linayabeba mambo mawili, kutathmini na kuendeleza. Swali ni je, tunapima kama daktari au kama mchuuzi?

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuukana ukweli. Penye kukosekana kipimo, hutawala kujuana. Wengi wetu tunawafahamu walimu waliofundisha kwa bidii miaka na mikaka bila kupandishwa cheo, huku waliozoea kumwamkia mkubwa kwa unyenyekevu wakipanda ngazi. Aidha, mtoto wa maskini ndiye anayeumia zaidi mwalimu asipofika darasani, kwa kuwa mzazi wake hana fedha za kumtafutia mwalimu mwingine. Kipimo kilicho wazi ni ngao ya mnyonge, na anayedai kuwa mwalimu asipimwe kabisa anaitetea haki isiyokuwapo.

Lakini tuzitazame kaunti hizi mbili. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187, na Makueni watu 987,653. Kwa hesabu ya vichwa, kaunti hizi zinakaribiana. Tukija kwenye ardhi, Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000, ilhali Makueni ina kama 8,000 tu. Maana yake ni kwamba Makueni kulikuwa na watu wapatao 120 katika kila kilomita mraba, na Kitui hawakufika 40. Basi ukigawa walimu kwa kuhesabu wanafunzi pekee, shule ndogo za vijiji vilivyotawanyika kuelekea Tseikuru au Mutomo zitapata walimu wachache, ingawa madarasa ya kufundishwa ni yale yale. Darasa la watoto 12 linahitaji mwalimu mzima. Haliwezi kufundishwa na theluthi ya mwalimu. Afisa anayekagua shule hizo naye huzunguka masafa marefu, na akipimwa kwa idadi ya shule alizozuru, ataonekana mvivu mbele ya mwenzake ambaye shule zake zimekaribiana.

Hali ni iyo hiyo kwa matokeo ya mitihani. Mwalimu aliye kwenye vilima vya Mbooni, kwenye baridi na mvua, na mwalimu aliye kwenye nyika ambako ukame ukizidi watoto huacha masomo wakafuata maji, hawawezi kulinganishwa kwa alama za wastani peke yake. Alama hizo humpima mwalimu, na humo humo hupima mvua, njaa na umbali wa kisima. Serikali yenyewe iliiona hatari hii mwaka wa 2014, Profesa Jacob Kaimenyi akiwa Waziri wa Elimu, ilipopiga marufuku desturi ya kuzipanga shule kwa nafasi baada ya mitihani ya kitaifa.

Hatari nyingine ni kwamba anayepimwa hujifunza kukihudumia kipimo. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka wa 1862, shule zilipewa ruzuku kulingana na jinsi watoto walivyofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Utaratibu huo ulidumu takriban miaka 30. Mshairi Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliulalamikia kwa kuifanya elimu kuwa kazi ya mashine, kwani watoto walikariri vitabu bila kuvielewa. Wala tusidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika shule za msingi 50 huko Busia na Teso, watafiti, miongoni mwao Michael Kremer aliyetunukiwa Nobel ya Uchumi mwaka wa 2019, walichunguza mpango wa kuwazawadia walimu kwa kutegemea alama za wanafunzi. Alama zilipanda mpango ulipokuwapo. Lakini walimu hawakuhudhuria darasani zaidi ya awali, bali waliongeza vipindi vya kuandaa mitihani, na mpango ulipokwisha, mafanikio hayo hayakudumu.

Tufanyeje basi? Kwanza, mwalimu apimwe kwa yale yaliyo mikononi mwake. Mwanafunzi atazamwe alikotoka na alikofika, ili mwalimu aliyempokea akiwa dhaifu akamwinua apewe haki yake. Pili, anayepima aingie darasani, aketi, asikilize somo hadi mwisho, kisha azungumze na mwalimu. Fomu iliyojazwa usiku kwa kuogopa tarehe ya mwisho haina habari yoyote ya darasa. Tatu, kila upungufu unaoandikwa ufuatwe na msaada unaotajwa kwa jina: mafunzo, vitabu, au mwenzake wa kumwelekeza. Bila ya hilo, neno 'kuendeleza' libanduliwe kwenye jina la mfumo, maana ni pambo tu.

Wataalamu wa uongozi siku hizi huwaita wafanyakazi 'rasilimali watu'. Neno rasilimali limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Ikiwa mwalimu wa Kitui na Makueni kweli ni mtaji wa taifa, basi anayempima na akigeuze kwanza kipimo chake, akitazame kitako.