Kupumzika si Uvivu

Watazame maksai wanaolima katika nyanda za juu za Ufipa. Wanafungwa nira alfajiri, kungali na baridi. Jua likipanda, mwenyewe anawafungua. Wanakwenda kunywa maji na kula majani. Kesho yake wanarudi shambani.

Hakuna jirani anayesema, "Maksai wa fulani ni wavivu." Kila mtu anajua kuwa maksai asiyepumzishwa hudhoofika. Msimu ujao hatavuta plau.

Sasa jiulize. Je, mtu aliyelima pamoja na maksai hao anapumzika saa ngapi? Na mke wake je?

UNAONA HAYA KUKAA?

Watu wengi huona haya kuonekana wamekaa mchana. Mama ameketi kivulini kidogo. Akisikia hodi, anavuta ungo wa maharage aanze kuchambua. Baba amejinyosha kwenye mkeka. Mgeni akitokea, anainuka haraka na kushika jembe. Wanaogopa swali moja: "Mbona umekaa tu?"

Hata salamu zetu zinataja kazi. Tunasema, "Pole na kazi." Mwenzetu anajibu, "Nimeshapoa." Ni salamu nzuri, maana inajua kuwa kazi inachosha. Lakini jiulize unapoijibu: Je, umepoa kweli?

SIFA YA KAZI

Sifa ya kazi ina sababu zake. Wazee walisema: Ajizi ni nyumba ya njaa. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, wito ulikuwa "Uhuru na Kazi". Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi. Sheria hiyo ilitaka kila mtu mwenye nguvu awe na kazi inayojulikana. Watu walikamatwa mijini, wengine wakapelekwa vijijini kulima.

Ni kweli, bila kazi hakuna chakula. Mkoa wa Rukwa umelisha watu wengi kwa mahindi na maharage yake. Chakula hicho kilitoka katika mikono iliyofanya kazi. Lakini kufanya kazi ni jambo moja. Kuogopa kuonekana umekaa ni jambo jingine. Mtu anayeogopa hivyo hutafuta kazi hata pale ambapo kazi ya siku imekwisha. Hufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Huchoka, lakini ghala haliongezeki.

TUFANYE HESABU

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizungumza juu ya uvivu. Lilisema kuwa nguvu za wanaume wengi vijijini zinapotea katika mazungumzo, ngoma na pombe. Watu wengi wanaikumbuka sehemu hiyo. Lakini Azimio lilisema na jambo jingine. Lilisema kuwa wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko watu wote wa Tanzania. Wakati mwingine wanafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Wanafanya kazi hata siku za Jumapili na za sikukuu.

Chukua kalamu, tufanye hesabu. Saa 14 kwa siku, mara siku 7, ni saa 98 kwa juma.

Sasa mtazame mfanyakazi wa ofisini au kiwandani. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema saa zake za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Saa 45 mara mbili ni 90. Basi mama huyo alifanya kazi ya wafanyakazi wawili, na bado zilibaki saa 8.

Leo vijiji vingi vina mashine ya kusaga. Mama hatwangi kama zamani. Lakini kuni, maji, watoto, jiko na jembe bado vinamsubiri. Mfanyakazi ana likizo yake ya mwaka. Mkulima hana mwajiri wa kumpa likizo. Lazima ajipe mwenyewe, au apewe na watu wa nyumbani kwake.

MWILI UNADAI

Kupumzika ni haki ya kila mtu. Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948 linasema hivyo katika kifungu cha 24.

Kupumzika ni afya pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa taarifa. Yaliwalinganisha watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma na wale wa saa 35 hadi 40. Wale wa saa nyingi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi na ugonjwa wa moyo.

Hata kabla ya ugonjwa, uchovu una hasara. Mtu aliyechoka hujikata mguu kwa jembe au shoka. Hukasirika bila sababu na kumpiga mtoto asiye na kosa. Mama mjamzito anayebeba mizigo mizito kila siku huhatarisha afya yake na ya mtoto aliye tumboni.

INTUMBA IMELALA, LAKINI HAIKAI BURE

Wazee wa Ufipa walijua maana ya kupumzika. Angalia kilimo chao cha matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Mvua zikikaribia kwisha, majani huwa marefu na udongo huwa laini. Mkulima huyapindua majani na kuyafunika kwa udongo. Kisha matuta huachwa kiangazi chote. Mpita njia huona shamba limelala. Kumbe ndani ya tuta majani yanaoza na kuwa mbolea. Mvua zikirudi, matuta huvunjwa, udongo husambazwa, na ulezi hupandwa.

Mkulima angeyavunja matuta yale kila juma ili aonekane ana kazi, asingepata mbolea. Kungoja ni sehemu ya kilimo. Vivyo hivyo, kulala usiku na kukaa kivulini mchana ni sehemu ya kazi ya kesho.

Hatusemi uache palizi. Magugu hayamsubiri mtu. Wakati wa palizi na mavuno, kila mkono unahitajika. Wala hatusemi ushinde kilabuni. Anayerudi nyumbani usiku amelewa, na fedha zimekwisha, hakupumzika. Amejichosha, na amewachosha wenzake.

UFANYE NINI?

Kwanza, gawaneni kazi za nyumbani. Baba au kijana mwenye baiskeli anaweza kuleta madumu ya maji. Mtoto wa kiume anaweza kuosha vyombo kama dada yake. Saa moja ya mama ikipungua, amepata saa moja ya kupumzika.

Pili, jioni pangeni kazi za kesho. Ulizaneni: Ipi lazima ifanyike? Ipi inaweza kungoja? Ipi haina faida? Ile isiyo na faida iacheni.

Tatu, angalieni kazi ya kualikana. Watu wengi hulima shamba kwa siku moja, kisha hunywa pombe ya ulezi. Ni msaada mkubwa kwa mwenye shamba. Lakini nani aliyeotesha ulezi, akaukausha, akausaga na kupika pombe siku kadhaa? Mara nyingi ni mama. Siku hizo naye apunguziwe kazi nyingine.

Nne, jua likiwa kali, kaeni kivulini pamoja. Chagueni pia siku moja ya juma, au nusu siku, ambayo jembe halishikwi. Mama naye apumzike siku hiyo. Kama mama anapika, anateka maji na kufua wakati wengine wamekaa, basi nyumba hiyo haijapumzika.

Tano, badilisha maneno yako. Ukimkuta jirani amekaa, usimwulize, "Mbona umekaa tu?" Mwambie, "Pole na kazi." Kisha nawe kaa kidogo, mzungumze.

Husemwa kuwa jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni alitakiwa kuacha mabaya yake kabla ya kuingia. Leo tuitupe na hofu hii ya kuonekana tumekaa.

ZUNGUMZENI

Msomee mwenzako makala hii, kisha mjibu maswali haya:

1. Jana nani nyumbani kwenu aliamka wa kwanza? Nani alilala wa mwisho?
2. Hesabuni saa za kazi za kila mmoja. Je, ziko sawa?
3. Ni kazi gani moja mnayoweza kumpunguzia aliyechoka kuliko wote, kuanzia kesho?