Laini Ikishapewa Jina

Kwa miaka mingi, mtu akienda kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa sokoni Kosele, kaunti ya Homa Bay, alisukumiwa daftari: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi, sahihi. Aliyemfuata kwenye foleni aliyasoma yote alipokuwa akiandika yake.

Kijijini hakuna asiyejulikana. Kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani, na siri zako hulindwa na adabu za majirani. Simu ya jamii, ile ya kulipia kibandani, ilileta jambo jipya: ulilipa shilingi chache, ukapiga, ukaondoka, na laini ikabaki ya mwenye kibanda. Jirani huenda alikusikia, lakini hakuna ofisi iliyokujua.

Mwaka 2010 usajili wa laini ulianza kwa agizo la serikali, na mwaka 2022 waliobaki walipewa hadi 15 Oktoba. Sababu ilikuwa nzito: matapeli na watekaji nyara walijificha nyuma ya nambari zisizo na wenyewe. Ila tapeli bado anapiga, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Na si kwenye laini tu: Juni 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Aliyeanikwa ni mwaminifu.

Tunajibiwa kwamba faragha inalindwa na ibara ya 31 ya Katiba na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ni sheria nzuri, nami naziunga mkono. Lakini mtu asiyeweza kuficha jina lake ana faragha ya kuahidiwa tu, na ahadi hiyo iko mikononi mwa anayeshika rekodi.

Gharama ya kujulikana tumeiona karibu: tarehe 7 Juni 2025 polisi walimchukua mwalimu Albert Ojwang nyumbani kwao Kakoth, katika kaunti hii hii, kwa tuhuma za machapisho kwenye X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat. Wakampeleka kituo cha Mawego, kisha Nairobi, mamia ya kilomita. Baba yake alimfuata na hati ya shamba aiweke dhamana. Akakuta mwanawe amefariki. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na shingo iliyobanwa. Hata kama aliyaandika maneno yale yeye mwenyewe, hilo halikuwa kosa la kufia.

Hofu ya kujulikana sasa imeingia hata katika mambo madogo. Katika kundi la WhatsApp la wadi, nambari ya kila anayeuliza inaonekana na wote. Mwenye nia mbaya anaiingiza kwenye M-Pesa kana kwamba anatuma shilingi kumi, jina linatokea, anakatiza muamala. Hahitaji polisi wala kibali cha mahakama. Mzazi anayetaka kujua basari ya wadi ilimwendea nani ataona heri amwombe ndugu aliye ng'ambo, mwenye laini ya huko, amwulizie.