Sale ya Pili Imepotelea Wapi?

Ukielekea magharibi kutoka tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, mkoani Arusha, unafika Hifadhi ya Serengeti. Humo, mwaka 2010, mtafiti Alexandra Swanson alianza kutega kamera zinazojifyatua mnyama anapopita. Zilifika 225, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, na data iliyochapishwa mwaka 2015 ilikuwa na mafungu ya picha milioni 1.2. Picha zote hizo ziko kwenye folda ndani ya folda, na kila moja ina njia yake, mathalani S1/B04/B04_R1/S1_B04_R1_PICT0001.JPG. S1 ni msimu wa kwanza, B04 ni kituo cha kamera.

Kwa mamilioni ya picha hakuna anayekaa kuandika njia kwa mkono. Huungwa na programu. Kazi yenyewe inaonekana ya kitoto: jina la folda, mkwaju, jina la faili, basi. Lakini lugha ya programu ya C haina amri ya kuunga njia katika maktaba yake sanifu. Inakupa safu ya baiti na kukuachia hesabu. Njia niliyoitaja ina herufi 36, nayo inataka baiti 37, kwa sababu C hufunga kila mfuatano wa herufi kwa sufuri.

Fanksheni za zamani, strcpy na strcat, hazijui safu yako ina ukubwa gani. Zinanakili tu, na herufi zikizidi zinamwagikia kumbukumbu ya jirani. Ndugu yao gets ndiye aliyempa mwanya mdudu wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe kwenye kompyuta, Novemba 1988: programu ya finger ilitenga baiti 512, ikapokea 536, na zile za ziada zikampa mgeni usukani wa kompyuta. Kiwango cha C cha mwaka 2011 kiliifuta gets kabisa. Hizo nyingine mbili zipo mpaka leo.

Tiba inayofundishwa ni snprintf, iliyoingia kwenye kiwango cha 1999. Ukiiambia safu ina baiti 23, haitagusa ya 24. Wengi huishia hapo wakidhani wamepona, na kwa maoni yangu hapo ndipo kosa baya zaidi linapojificha.

Chukua folda za data zilizopangwa kwa mkoa, wilaya, tarafa na kata. Sale ni tarafa, na ndani yake kuna kata inayoitwa Sale vilevile, kwa hiyo njia ya kata ni Arusha/Ngorongoro/Sale/Sale. Herufi 27. Iunge ndani ya baiti 23: snprintf itaandika 22 na sufuri, nawe utabaki na Arusha/Ngorongoro/Sale. Programu haitaanguka wala haitalalamika. Njia imekatwa, lakini bado ni njia ya kweli, ya tarafa nzima. Uliyetaka kufuta data ya kata moja umeelekeza ufutaji kwa kata zote. Afadhali programu iliyokufa palepale.

Bahati nzuri snprintf husema ukweli kwa anayeuliza. Hurudisha idadi ya herufi ambazo ingeandika kama nafasi ingetosha, hapa 27. Ikiwa namba hiyo ni sawa na ukubwa wa safu au zaidi, njia imekatwa:

int n = snprintf(njia, ukubwa, "%s/%s", folda, jina);
if (n < 0 || (size_t)n >= ukubwa) return -1;

Ukubwa upitishwe kama namba. Ukiandika sizeof njia ndani ya fanksheni iliyopokea kielekezi, kwenye mashine ya biti 64 utapata 8, hata kama safu yenyewe ina baiti 4096. (Mkwaju ukijirudia katikati ya njia, usikonde, Linux huuhesabu kuwa mmoja.)

Hesabu ikikamilika, linabaki swali la nani ametoa hilo jina. Likitoka kwa mtumiaji linaweza kuwa na nukta mbili na mkwaju, ../, yaani panda folda moja juu, na ../ za kutosha zinaitoa programu nje ya folda yako kabisa, huku snprintf ikiridhika. Kuzichuja kwa macho ya programu ni kazi ngumu, maana folda inaweza kuwa kiungo kinachoelekeza kwingine. Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, Linux ina openat2: unaikabidhi folda ya kuanzia pamoja na alama RESOLVE_BENEATH, na kiini cha mfumo chenyewe hukataa kufungua chochote kilicho nje yake.