Nguo ya chagua ni kubwa? Ipunguze nyumbani bila kuiharibu

Kwenye soko la Kadutu mjini Bukavu, Virunga mjini Goma, ao kwenye masoko ya Bunia na Butembo, familia nyingi zinavaa nguo za mabalo. Nguo hizo za chagua nyingi zinatoka inchi za mbali na kubwa-kubwa hazikosekane. Shemizi ni nzuri, kitambaa kingali na nguvu, lakini ukiivaa inaelea. Fundi naye anaomba pesa yake, na mara ingine pesa hiyo inakaribia bei ya nguo yenyewe. Njo maana watu wengi wanakamata makasi na kujaribu wenyewe.

Shida inaanzia kwenye makasi. Mushono mubaya unafumuliwa, lakini kitambaa chenye kimekatwa vibaya hakirudi tena. Ndugu musomaji, makasi yatakuja mwisho kabisa.

Hesabu yenye inadanganya wengi

Tandika shemizi juu ya meza, pima kutoka kwapa moja mupaka kwapa lingine, kisha zidisha mara mbili. Tuseme umepata sentimetre 58: nguo inazunguka 116. Kifua chako kiko na 96. Usitafute 96 kamili, juu mutu anapumua na ananyoosha mikono. Ongeza sentimetre 8 hivi, inakuwa 104. Basi unapashwa kutosha 12.

Hapa njo watu wanakosea. Wanagawa 12 kwa mbili, wanaingiza mushono sentimetre 6 kila upande, kisha nguo inakataa kuingia. Sababu ni hii: kila upande uko na vitambaa viwili, cha mbele na cha nyuma. Ukiingiza mushono sentimetre 1, upande huo unapoteza 2, na pande zote mbili zinapoteza 4. Kwa hiyo gawa 12 kwa ine: sentimetre 3 kila upande zinatosha.

Namna ya kufanya

Geuza nguo, ndani iwe inje. Chora mustari mupya kwa chaki ao kwa kipande cha sabuni kavu. Mustari utoke kwenye mukono, upite chini ya kwapa kwa kupinda polepole, ushuke mupaka chini. Usishushe kwapa; ukilishusha, kila ukiinua mukono shemizi yote itapanda.

Funga kwa pini, kisha shona kwa mishono mirefu ya kulegea, na uzi wa rangi ingine ili uuone vizuri. Sasa vaa. Inua mikono, kaa, inama. Kama inakubana, fumua na urudilie, hujapoteza kitu.

Ikikaa vizuri, shona kabisa. Kama hauna mashini, tumia mushono wa kurudi nyuma: kila mara sindano inarudi kidogo pale ilitokea, kisha inaendelea mbele. Mushono huo unashika kuliko ule wa kwenda mbele tu. Halafu piga fere. Kama kitambaa ni nailoni, fere ya makala isiwe moto sana, itakiyeyusha.

Pantalo na uniforme

Kiuno cha pantalo kinapunguzwa nyuma, katikati, kisha kutosha kitanzi cha mukanda na kukirudisha kiisha kushona. Usipitishe sentimetre 4 ao 5 kwa jumla, juu mifuko ya nyuma itakaribiana. Miguu nayo, punguza sawasawa ndani na inje; ukikaza upande mumoja tu, mguu utajipinda. Jinzi nzito ni heri kuipelekea fundi, sindano ya mukono inavunjika.

Kwa uniforme ya mutoto, ile bleu-blanc, usikate hata kidogo. Kunja kitambaa ndani, ukishike kwa mishono. Mutoto anakomaa haraka, na mwaka ujao wa masomo utafumua tu, pasipo kununua ingine. Hata kwa mutu mukubwa, acha sentimetre 2 za kitambaa ndani ya mushono. Mwili unakonda, mwili unarudi.

Mwenye kuweza kazi hii kwa nguo moja ataiweza kwa nguo za jirani pia, na wengi wako tayari kulipa kidogo. Anza na nguo ya kuvalia nyumbani, usianze na ile ya kwenda nayo kanisani ao musikitini.